Karibu ya Kiingereza

Enzi zetu Garissa mgeni hakupiga simu kabla ya kuja. Simu yenyewe ilikuwa posta, na foleni yake ilikuwa ndefu kuliko mazungumzo. Mgeni alijitokeza tu. Unarudi kutoka shule, viatu vimejaa mchanga, unakuta mlangoni makubadhi usiyoyafahamu, ndani kuna mtu anacheka kama mwenye nyumba, na mama anakuita jikoni kwa ile sauti yake ya chini: "Hodan, kimbia kwa jirani ukaombe mkeka." Hakuna aliyemuuliza mgeni atakaa mpaka lini. Kuuliza vile ilikuwa aibu ambayo ingekufuata mpaka Tarbaj, mbali kule kaskazini.

Wenzangu mliokua kule miaka ya tisini mnajua ninachosema. Mnakumbuka anjera ya asubuhi, ule mkate wetu mwembamba, umelowa samli na sukari, na chai ya maziwa yenye hiliki, iliyokolea utamu mpaka kijiko kinasita kuzunguka. Mnakumbuka mpira wa soksi tuliorushiana mpaka adhana ya magharibi itutawanye, na betri za redio tulizoanika juani ili zipate nguvu ya kumalizia taarifa ya habari. Mnakumbuka pia kwamba mtu akisafiri kwenda Nairobi tulisema ameenda Kenya, kana kwamba sisi tulikuwa nchi nyingine. Watoto wa leo nikiwasimulia habari ya betri na jua wananitazama kwa huruma, kama wanaomsikiliza mtu mwenye homa.

Lakini nyumba yetu ilikuwa na kitu ambacho nyumba zenu hazikuwa nacho. Tulikuwa na Mwingereza wetu wenyewe, Msomali kama sisi, mweusi kama sisi, asiyekosa swala hata moja.

Alikuwa Awowe Jama, kaka wa nyanya yetu. Awowe kwa Kisomali ni babu, na nyanya tulimwita Ayeyo. Huyo kaka aliondoka nyumbani akiwa kijana, akafika Aden, akaingia katika meli za Waingereza kutia makaa ya mawe tanuruni, na meli ya mwisho ikamteremsha Cardiff, huko Uingereza. Akapanga chumba kwa mjane mmoja aliyeitwa Bi Gwen, akakaa huko mpaka Ayeyo akasahau sura yake, akabaki na sauti tu. Kila alipomaliza kuswali alimwomba Mungu amrudishie kaka yake kabla hajafa. Basi siku ile teksi ilipomshusha getini kwetu, mzee mrefu ndani ya suti ya sufi katika jua la Garissa, mkononi mwavuli mweusi, Ayeyo alikaa chini mchangani akalia kama mtoto.

Awowe alimwinua, akampangusa machozi kwa leso iliyopigwa pasi, kisha akatuambia sote kwamba amekuja kwa mwaka mmoja tu, aone. Tiketi ya kurudi ilikuwa ndani ya sanduku, na sanduku akaliweka nyuma ya mlango wa chumba chake bila kulifungua lote. Kila Ijumaa alilipangusa vumbi. Ayeyo akasema na mama, mimi nikisikia, "Siku vumbi litakapolala juu ya sanduku lile, ndipo nitajua ndugu yangu amefika." Kuanzia hapo nikawa nalichungulia kila wiki, na kila wiki lilikuwa linang'aa.

Sisi Wasomali hatumwachi mtu bila jina la utani, tena tunamwita nalo usoni naye anaitika. Awowe alipewa lake kabla hata jasho la safari halijakauka: Jama Ingiriisi, yaani Jama Mwingereza. Na jina lilimkaa. Alikuwa na saa ya mkononi aliyoitazama kama mtu anayemchunga mbuzi mkorofi. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye aliyesema sori. Asubuhi alitoka uani, akatazama juu, akatangaza, "Leo kuna joto." Ayeyo akamuuliza, "Na jana je?" Hakuchoka. Aliniambia kwamba Uingereza watu wawili wasiojuana hawawezi kuzungumza mpaka kwanza waisengenye hali ya hewa, na kwamba mwavuli hauachwi nyumbani hata mbingu ikiapa.

Sandukuni mwake alitoa vitu vichache tu, na kila kimoja kilituletea balaa. Kulikuwa na kofia ya sufi iliyofumwa kwa mkono wa Bi Gwen mwenyewe, nzuri sana, yenye matundu mawili ubavuni. Ayeyo alimshukuru Mungu kwa zawadi, akamvisha mdogo wangu mchanga, masikio yakatokeza kwenye matundu. Mtoto akazungushwa mtaa mzima, kila mtu akimsifu. Awowe alirudi kutoka msikitini, akasimama, akamtazama yule mtoto kwa muda, kisha akaeleza kwa upole kwamba ile ni kofia ya birika. Waingereza hulivisha birika ili chai isipate baridi, na matundu ni ya mdomo na mkono wake. Ayeyo alishangaa. "Birika linavaa sufi, na wewe umekuja hapa na suti moja?" Kofia haikurudi kwa birika tena.

Mfuko wake wa mpira, ule wa kutia maji moto na kulala nao, tuliutia maji ya mtungini, nao ukawa kitu cha kugombaniwa kila mchana wa joto kali. Lakini hakuna kilichotuchekesha kama habari ya anjera. Siku moja alituambia kwamba kule kwao hupika mikate myembamba kama ile mara moja kwa mwaka, Jumanne fulani, na kwamba watu wazima hufunga aproni wakashindana mbio barabarani, kila mmoja na kikaango chake, wakirusha mkate juu na kuudaka. Ayeyo, ambaye alipika anjera kila siku ya maisha yake, aliacha kukoroga unga. "Wanakimbia na mikate? Nani anawafukuza?"

Tulicheka mpaka machozi. Hata hivyo palikuwa na mambo ambayo hayakumchekesha mtu. Awowe alifunga kengele ya baiskeli getini, akawaambia wazee wa mtaa kwamba wageni anawapokea kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja jioni. Wakaja baada ya alasiri, kwa udadisi. Kila mzee alipewa kikombe kimoja, maziwa ya baridi yametangulia chini, na biskuti moja juu ya kisahani. Kwetu kikombe cha mgeni hakiachwi kikaona kiu. Awowe alipoona vikombe vitupu aliviondoa, akaenda kuviosha. Wazee wakatazamana, wakaaga. Mmoja alimwambia mama njiani, "Tumefukuzwa, lakini kwa adabu sana." Wakaacha kuja, mmoja mmoja, na makubadhi yakapungua mlangoni mpaka yakabaki yetu tu.

Ayeyo hakumlaumu kaka yake kwa neno lolote. Jioni alikaa kwenye kigoda chake akitazama geti, akisema peke yake kwamba nyumba imekuwa ofisi. Aliogopa kumkemea, maana lile sanduku lilikuwa tayari nyuma ya mlango, na alijua mzee asiye na mtu wa kuongea naye atakwenda anakoongea na watu, hata kama ni habari za mawingu. Mwaka ulikuwa unakatika.

Siku moja ya soko la mifugo nilimsindikiza Awowe. Alitaka mguu wa mbuzi wa Jumapili, kwa sababu Jumapili saa saba kamili tulikula Kiingereza: meza, kitambaa cheupe, kisu na uma, mguu wa kuchoma na viazi, na yeye mwenyewe amesimama akikata nyama nyembamba kama karatasi huku sisi tukimeza mate. Pale sokoni alikutana na Abdi Gaab, yaani Abdi Mfupi, mfugaji wa Bura, ambaye kweli alikuwa mfupi na kweli aliitika. Wakaanza na hali ya hewa. Wajua mfugaji ukimuuliza habari za mvua humuulizi salamu, unamuuliza maisha yake. Waliongea mpaka jua likahama, nikiwa nimeshika mwavuli, sijapata kumwona Awowe akifurahi vile. Wakati wa kuagana alimshika Abdi mkono, akasema, "Lazima siku moja uje nyumbani, uje na familia." Abdi akaweka mkono kifuani. "Insha'Allah."

Jumapili moja, mguu uko mezani, kisu kiko juu, kengele ya baiskeli ikalia. Nilifungua geti. Lori la mbuzi lilikuwa limewashusha: Abdi Gaab, mke wake, mama yake mzee, watoto, vibuyu vya maziwa ya ngamia, na kibeberu cha zawadi kilichoanza kula maua ya mama papo hapo. Awowe alitoka na kitambaa cha mezani kifuani. Akatazama saa.

"Abdi. Mmekuja... leo?"

"Ulisema siku moja," Abdi alijibu kwa uso mkunjufu. "Leo si siku?"

Awowe alimvuta Ayeyo kando ya jiko. Alinong'ona kwamba kule Cardiff, watu wakiachana barabarani, huambiana hivyo, siku moja lazima uje, na mwingine hujibu kwamba atafurahi, kisha kila mtu huenda zake akijua hakuna anayekwenda kwa mwenziwe. Ni adabu tu. Ayeyo alimsikiliza mpaka mwisho, macho yamemtoka.

"Basi huko watu wanadanganyana, halafu wanashukuriana?"

Hakungoja jibu. Alipita sebuleni, akanyofoa kile kitambaa cheupe mezani, akakitandaza chini juu ya mkeka, akauchukua mguu wa Kiingereza akaukatakata vipande, akauzika katika sinia la wali. Akanishika mkono tukaenda dukani, na Kiswahili chake, ambacho alikitoa kwa shida na kwa wenye maduka peke yao, kilitoka mbio siku ile: "Weye, leta unga, leta sukari, leta fitu yote! Leo mimi nabika mbaka usiku! Mgeni iko nyingi!" Sijui kama niliwahi kumwona mrembo kuliko pale.

Usiku ule mvua ikaanza. Ninyi mnaijua, ilikuwa ile ya El Nino. Kwanza tulicheza uani tukilowa na kupiga kelele, na Abdi akasujudu kwa ajili ya malisho yake. Lakini haikukoma. Mto Tana ukapanda, ukavunja kingo, barabara ya Bura ikawa ziwa na ya Kenya ikakatika. Wageni waliokuja kwa siku moja wakawa hawana pa kwenda. Awowe naye, ambaye tiketi yake ilikuwa inakaribia kuisha, akawa mateka pamoja nao.

Hapo ndipo tulipomwona Mwingereza kazini. Sisi sote tulijua ukame, hakuna aliyejua mvua. Awowe alikunja suruali, akachimba mtaro kuzunguka nyumba, akapanga sufuria chini ya kila tundu la bati, akatufundisha kukausha nguo ndani bila kuichoma nyumba. Alitembea na mwavuli wake mtaani kama mtu ambaye hatimaye ameaminiwa. Wazee waliomsusia wakaanza kuja kumuuliza ushauri, kengele ya geti ikashika kutu ikanyamaza, na kwa kuwa palikuwa na wageni ndani, mama alikuwa na birika motoni wakati wote. Hakuna aliyekumbuka saa kumi ni saa ngapi. Mimi nililala mkeka mmoja na Sahra, binti wa Abdi wa umri wangu, tukisikiliza wanaume wakibishana sebuleni.

"Cardiff ni hivi kila siku," Awowe alikuwa akisema.

"Na ng'ombe wenu wananenepa?"

"Mjini hatuna ng'ombe."

"Basi mvua yote ile ni ya nini?" Abdi aliuliza, na sebule nzima ikacheka, sauti ya Awowe ikiwa juu ya zote. Kisha Abdi akauliza kwa utaratibu, "Na yule Bi Gwen, yuko?"

"Alifariki. Kabla sijaja."

"Pole, ndugu yangu. Basi unarudi kwa nani?"

Nilisikia Awowe akisogeza sufuria chini ya tundu la bati. "Kuna mvua," akasema.

"Mvua si hii hapa?"

Ijumaa iliyofuata nilikwenda kuchungulia nyuma ya mlango. Sanduku lilikuwa limepanguswa kama kawaida.

Maji yalipopungua habari zilikuja pamoja: lori la Bura litapita asubuhi, na basi la Nairobi litaondoka adhuhuri. Wiki ileile tiketi ilikuwa inaisha. Awowe aliamka akavaa suti yake ya sufi. Ayeyo alimwona, akaingia jikoni, akapika anjera nyingi kuliko midomo iliyokuwepo, na hakumwomba abaki. Kwetu hakuna anayemuuliza mgeni anaondoka lini, na nadhani asubuhi ile ndiyo mara ya kwanza alipokiri moyoni kwamba kaka yake alikuwa mgeni. Moshi ulikuwa mwingi jikoni, akasema ndio unaomtoa machozi.

Lori likapiga honi. Abdi alipandisha familia yake, akarudi, akamkumbatia Awowe. "Umetulisha, umetulaza, umetukinga na maji. Sasa zamu yangu. Karibu Bura."

"Ahsante," Awowe akasema. "Siku moja nitakuja."

Abdi hakuuachia mkono wake. "Siku gani?"

Awowe alitazama saa yake, akalitazama geti, akamtazama dada yake aliyesimama mlangoni na unga mikononi. Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na sanduku. Ayeyo aligeuza uso ukutani, na mimi nikaanza kulia kwa sauti, bila haya. Nikasikia kishindo cha sanduku likitupwa juu ya lori. Nilipofumbua macho, Jama Ingiriisi, na suti yake na mwavuli wake, alikuwa anavutwa mikono na watoto wa Abdi apande katikati ya magunia.

"Dahabo!" alimwita Ayeyo kwa jina lake la utotoni, ambalo hakuna mwingine aliyekuwa hai wa kumwita nalo. "Naenda Bura kutembea. Niwekee anjera."

Alikaa Bura mpaka tiketi ikawa karatasi tu. Alirudi amenenepa kwa maziwa ya ngamia, bila mwavuli, kwa sababu mama yake Abdi aliusifu na kwetu kitu kikisifiwa na mzee hupewa yeye. Sanduku lilirudi nyuma ya mlango. Ijumaa ikapita, na nyingine, na Ayeyo akaniita, akanionyesha kwa kidole bila kusema. Vumbi. Niliandika jina langu juu yake, akanichapa kofi la mkononi, kisha akanibusu. Baadaye Ayeyo alilifanya sanduku hilo kuwa la kuwekea sukari na unga wa wageni, na halikuwahi kuwa tupu. Jumapili tuliendelea kula mguu wa mbuzi saa saba, ila juu ya mkeka, na yeyote aliyepita alikula. Mzee alizikwa Garissa, na dada yake amelala karibu naye.

Kwa miaka mingi lilikuwa ndilo neno letu la utani nyumbani. Mtu akikaribishwa mahali tulimuuliza: karibu ya Kiingereza au ya Kisomali? Sasa sisikii mtu akiuliza tena. Garissa yetu ina lami na ghorofa, na mageti ya chuma yenye kengele zinazoimba. Juzi jirani wa zamani wa mama alinigongea Jumamosi, na binti yangu akaja chumbani mbio, uso umembadilika: "Mama, kuna mtu mlangoni na hajatuma meseji!" Tunaambiana "tutafutane", na hakuna anayemtafuta mtu. Tumekuwa akina Jama Ingiriisi sote, bila kupanda meli, bila hata kupata ile adabu ya kusema sori.

Mwezi uliopita nilitoka benki pale mjini, nikagongana na mwanamke aliyebeba mfuko wa dawa. Sahra wa Bura. Tulishikana hatukuachana, watu wakitupita. Simu yangu ikalia, ikalia tena, nikakumbuka nina haraka. Nikambusu shavuni nikasema, "Lazima siku moja uje nyumbani."

Alinishika mkono kama baba yake. "Hodan," akacheka, "hiyo ni ya Kiingereza au ya Kisomali?"

Nilizima simu. Nikafungua mlango wa gari, nikamwambia apande. Kisha nikaiwasha simu tena, nikampigia binti yangu, nikamwambia kwa ile sauti ya chini ya mama yangu, "Tuna mgeni. Kimbia kwa jirani ukaombe mkeka."

Akaniuliza jirani yetu anaitwa nani.